Mama Mkwe Yuko Juu ya Mti

Madam Brenda, meneja wetu, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema, "Hajati, ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi tutabaki na nini?" Nikamwambia kichwa changu kinarudi na mimi Kawempe, lakini maneno machache naweza kuyaacha. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mkiona sentensi inachechemea, ipisheni, imetoka mbali. Kiswahili ni cha nyumbani kwetu. Mababu walikuja nacho kutoka pwani pamoja na vitambaa na chumvi, na tangu hapo hatujakirudisha. Nakitumia hapa kwa sababu nyinyi mliobaki kazini ni mchanganyiko: kuna Wakongo, kuna yule Mkenya wa mashua, na kuna Waganda wanaojifanya hawakijui mpaka askari awasimamishe barabarani.

Cheo na mshahara sitavieleza. Cheo kilikuwa kidogo, na mshahara ulikuwa mdogo wake.

Msitu wetu si mkubwa. Ni kipande cha miti mirefu kati ya mji na ziwa, chemchemi mbili, njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi cha mafunjo, na mikuyu ambayo hakuna anayejua nani aliipanda. Jumatatu msitu ni wa ndege. Jumamosi ni wa Kampala nzima: maharusi wanatafuta picha, makanisa yanatafuta kivuli, vijana wanatafutana.

Siku ya kwanza nilifika na ufagio wangu mwenyewe, maana wa kwao sikuuamini. Nikapewa njia niifagie. Kwetu uwanja uliofagiwa ni uwanja usio na jani hata moja. Nikafagia njia, nikaona kando yake pachafu, nikaingia kando. Kufika mchana nilikuwa nimefagia msitu wenyewe, chini ya miti yote ya upande ule, udongo mwekundu unang'aa kama shavu la mtoto aliyepakwa samli. Nikashika kiuno, nikasubiri sifa.

Akaja mzee Kaddu, mlinzi wa lango, mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Akaangalia. Akavua kofia.

"Nnyabo, mama, nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimefagia."

"Umefagia msitu?"

"Ulikuwa mchafu."

"Hii majani si takataka, Hajati. Hii ni godoro ya miti. Sasa umewavua nguo, angalia vile wanaona haya."

Hapo ndipo nilipopata jina la Hajati. Makka sijafika, lakini Kaddu alisema mwenye uso kama wangu hahitaji nauli. Alasiri yote tulirudisha majani kwa toroli, yeye anasukuma, mimi namwaga na kutandaza. Nadhani ni mimi peke yangu Uganda hii niliyewahi kulipwa kumwaga majani sehemu niliyolipwa kuifagia.

Kaddu alinifunza kazi, na darasa lake lilikuwa fupi. Kilichoanguka kutoka juu, kiache. Kilichotoka mfukoni mwa mtu, okota. Ufagio wangu nikaupeleka nyumbani, akanitengenezea kijiti: fimbo ya mpera, na mwishoni spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Unachoma karatasi bila kuinama, unavuta kaveera, mifuko ya plastiki, kutoka kwenye mizizi bila kuikwaruza. Spoku iwe ya baiskeli ya zamani. Hizi za siku hizi zinapinda zikiona ganda la ndizi. Mapipa yafunikwe, na kifuniko kifungwe kwa mpira wa tairi kwa fundo la kushoto, kwa sababu fundo la kulia tumbili walishajifunza. La kushoto pia watajifunza. Mtabuni lingine. Na mkiona karoli, yale madege makubwa yenye upara yanayosimama juu ya majalala ya mji kama mawakili wanaosubiri kesi, mkiyaona yametua msituni kwetu, jueni mmeshindwa siku hiyo. Karoli haji kwa salamu.

Sasa niwaambie kuhusu tumbili, maana ndiyo kazi kubwa niliyoifanya pale, na nyinyi mnaikuta imekwisha mnadhani ilianza hivyo.

Kundi lao liliongozwa na jike mzee mwenye nusu mkia. Tulimwita Bi Kipande. Alikuwa na tabia moja tu, lakini ilitosha kuua msitu. Ukifungua chakula, anashuka, anakaa mbele yako, mikono magotini, anakuangalia. Haombi. Anakuangalia tu, kama shangazi aliyekuja bila taarifa. Na mtu wa Kampala hawezi kula mbele ya anayemwangalia bila kumkaribisha. Amelelewa hivyo. Nimemwona mchungaji, koti na tai, anamwambia tumbili, "Kalibu chakula, nnyabo," na kumkatia chapati katikati kwa haki.

Basi wakakaribishwa. Chipsi, rolex, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai mawili, keki ya harusi, soda ya machungwa. Wakanenepa mpaka matawi yakalalamika. Makuyu yakaiva na kuoza chini bila mlaji, mbegu zake hazikwenda popote, na mti mchanga ukawa hauonekani. Kaveera zikawa kila mahali, na baadhi ndani ya matumbo yao, hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyeokota yaliyotoka. Siku ambayo hakukaribishwa, tumbili alijikaribisha. Bibi harusi mmoja kutoka Nakawa alivuliwa nywele za bandia katikati ya picha. Tumbili akapanda nazo, akazijaribu, na niseme ukweli, yeye zilimkaa vizuri zaidi.

Tulicheka mpaka siku tumbili alipomnyang'anya mtoto gonja, ndizi ya kuchoma, na kumkwaruza kidole. Baba yake akapiga kelele, simu zikapiga video, na jioni hiyo wakubwa wakampigia Madam Brenda. Alitukusanya langoni.

"Wamesema tumbili wakiendelea kuomba chakula, wataletewa vizimba. Kundi lote linaondolewa."

Kaddu akauliza, "Wanapelekwa wapi?"

"Mahali pazuri."

"Mahali pazuri hapana jina?"

Madam Brenda akaangalia viatu vyake. Alikuwa amepigana kwenye simu, sauti yake ilikuwa imekauka. Alichopata ni muda tu: kamati itakuja kukagua wakati makuyu yatakapoiva tena.

Nyinyi wengine mlikuja baadaye, kwa hiyo niwaeleze Kaddu alikuwa nani kwa tumbili. Ukoo wake ni Nkima, na mnyama wa ukoo huo ni tumbili. Hawamli, hawampigi, wakimkuta amekufa njiani wanasimama. Tangu siku ile Kaddu aliacha kula mchana. Alikaa langoni na bakuli lake limefunikwa, anaangalia juu. Nikamwambia, "Kula, mzee." Akasema, "Hajati, watu wanataka kufunga ndugu zangu kwenye waya, na mimi ndiye nafungua lango gari ya kuwabeba ipite. Hiyo chakula itashuka wapi?" Mtu aliyenifunza kazi yote; nikakaa kando yake, tukaangalia juu pamoja.

Tukajaribu. Madam Brenda akaandikisha bango zuri la kukataza kulisha wanyama. Bi Kipande akalikalia, watu wakampiga picha juu yake huku wakimpa karanga. Kaddu akapuliza filimbi. Tumbili wakadhani ni kengele ya chakula. Mimi nikapiga kelele, wageni wakadhani mimi ni sehemu ya maonyesho.

Jibu lilikuja Nateete, sokoni, mimi nanunua matoke. Nikamwona Isma, mume wa binti yangu. Muganda, mwalimu wa sekondari, mwili wake unajaza mlango. Alikuwa amesimama anakula mhogo wa kuchoma. Aliponiona, mhogo ukaenda upande wake na yeye akaenda wake: akaruka nyuma ya lundo la matoke kama mtu aliyeona mkuki. Nikasikia sauti kutoka kwenye mikungu.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Nakupa heshima, Mama!"

"Toka, utaponda ndizi za watu."

"Siwezi, Mama, pita kwanza!"

Muuza matoke akanigeukia. "Hajati, nenda zako, mkwe wako ananikalia mtaji."

Kwa asiyejua: kwa Waganda, mwanamume hamkaribii mama mkwe, hamgusi, wala hali chakula mbele yake. Akithubutu, wanasema, mikono itamtetemeka mpaka kaburini. Nimewaona madaktari wanaocheka kila kitu, lakini hilo hawalijaribu. Wanawake nao humtunzia baba mkwe adabu hiyohiyo. Mimi si Muganda, lakini heshima ya bure siikatai. Nikasimama pale sokoni, nikamwacha Isma kwenye ndizi zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Kesho yake nikamwambia Kaddu. "Bi Kipande awe mama mkwe."

"Wa nani?"

"Wa wote."

Akalitua bakuli lake chini. Kisha akaanza kunyanyuka, polepole, kama mtu anayepandishwa kwa kamba. "Hajati. Mtu wa Nkima hamuoi mtu wa Nkima. Basi koo zote zingine wanaoa kwetu. Wote ni wakwe! Ni kweli kabisa!" Siku hiyo alifunua bakuli.

Madam Brenda, ambaye ni wa Mbarara na mambo ya Waganda anayaangalia kwa uangalifu, alifikiri, akasema, "Sayansi imeshindwa wiki tatu. Andikeni." Tukang'oa bango la kukataza, tukaweka letu: MAMA MKWE WAKO YUKO JUU YA MTI HUU. USILE MBELE YAKE. Chini tukaongeza: BABA MKWE YUKO MTI WA PILI.

Jumamosi ya kwanza nilijificha nyuma ya choo niangalie. Wakaja vijana na rolex zao. Wakasoma, wakacheka, mmoja akaanza kukunjua karatasi. Bi Kipande akashuka, akakaa, mikono magotini. Kijana akatazama rolex, akatazama bango, akamtazama yule bibi.

"Banange, mimi sili," akasema.

"Ni tumbili tu, wewe!"

"Basi kula wewe. Mikono ni yako."

Hakuna aliyekula. Mmoja alikwenda kinyumenyume mpaka kwenye gari. Mzungu mmoja mwanamke akaniuliza kupitia kiongozi wake: yeye ameachika, je, anaruhusiwa kumlisha? Nikamwambia talaka haimwondoi mama mkwe, inamwongezea maneno tu. Akakubali haraka sana, nadhani alikuwa anamjua wake.

Jambo moja tulilisahau. Mimi nasema ni Kaddu aliyesahau, kwa sababu yeye ndiye Muganda. Mbele ya mama mkwe hakuliwi, sawa. Lakini mama mkwe hupelekewa zawadi.

Habari zilikwenda mjini kwenye simu za watu. Jumamosi iliyofuata yakaja mabasi mawili. Wanaume wamevaa kanzu na koti, wanawake gomesi za kung'aa, kama watu wanaokwenda kwanjula, kujitambulisha ukweni. Wakashusha vikapu. Mananasi, mikate, sukari kwenye mifuko, kreti za soda, na jogoo hai mwenye hasira. Wakajipanga, wanawake wakapiga magoti chini ya mti, kiongozi wao akakohoa.

"Mama, tumekuja kwa heshima. Tumekuletea kidogo tulichopata."

Kisha, kwa heshima ileile, wote wakageuka mgongo asionekane mtu anamwangalia mama akila.

Sijawahi kuona tumbili wakifurahi vile na sitaki kuona tena. Kundi lote lilishuka. Sukari ilikuwa kwenye majani, kwenye njia, kwenye nywele. Tumbili mmoja alipanda na chupa ya soda, akajifunza kwamba ikitikiswa inarusha. Jogoo alitoroka, akakaa nasi wiki nzima akiwatesa mijusi. Na karoli, kama mlivyotarajia, wakatua wote, wakajipanga nyuma ya wageni kama ndugu wa upande wa bibi harusi.

Madam Brenda alikaa kwenye ngazi ya ofisi, sikujua analia au anacheka, na yeye pia hakujua. "Hajati, wakileta kamati leo, vizimba vitakuja na gari hiyohiyo."

Nikamgeukia Kaddu. "Mzee, huko kwenu zawadi za ukweni anapokea nani? Mama mwenyewe?"

"Hapana! Ni msemaji wa familia, mlangoni. Mama haonekani na vikapu." Akajisikia mwenyewe akisema. Mdomo ukabaki wazi.

Jumatatu alikuja kazini na kanzu. Tangu siku hiyo hapakupita mtu langoni bila Kaddu kumuuliza ukoo wake na kupokea zawadi kwa niaba ya familia: mikoba ya chakula, soda, karanga, hata peremende. Mimi nilipanga kila kitu kwenye kibanda, na mwenyewe akitoka anarudishiwa, Kaddu anasema, "Mama ameshukuru, anasema kaleni nyinyi." Watu wakala nje, kwenye meza tulizoweka karibu na mapipa, takataka yote mahali pamoja. Mkongo mmoja muuza vitenge alibisha kwamba kwao mama mkwe asipoona mbuzi kwa macho yake ndoa haipo. Kaddu akamwambia, "Mbuzi nimemwona mimi, na macho yangu ni ya familia." Siku nyingine akaja kijana akasema yeye ni Nkima, kwa hiyo Bi Kipande ni shangazi yake, si mama mkwe, apite na chipsi zake. Kaddu akamkumbatia. "Karibu nyumbani, mwanangu! Upande wa bibi harusi hawali, wanafanya kazi." Akampa gunia na kijiti changu. Yule kijana aliokota mpaka chemchemi ya chini.

Tumbili walikasirika. Wiki ya kwanza walitutupia vitu, vingine sitavitaja. Bi Kipande alikaa mbele yangu kila siku, ananiangalia, nami nikamwangalia; kwa kuangaliana mimi sishindwi. Kisha njaa ikamfikisha penye mkuyu. Akachuma kuyu moja, akanusa, akalitafuna kwa uso wa mtu anayekumbuka mahali alipowahi kuishi. Wengine wakamfuata. Mavi yao yakajaa mbegu, na pale nilipofagia vibaya siku ile ya kwanza pakaanza kuota miche, sikuruhusu mtu akanyage.

Kamati ilikuja makuyu yameiva. Mwenyekiti alikuwa bwana mkubwa wa mwili na wa sauti, viatu vinang'aa, faili mkononi. Langoni Kaddu akamzuia.

"Ssebo, bwana, ukoo?"

"Ngo," akasema. Chui.

"Karibu, mkwe. Zawadi?"

Wenzake wakacheka. Mwenyekiti akatoa pakiti ya sambusa, akapita. Nilikuwa nyuma yake na nikaona mfuko wa koti bado umevimba, karanga bila shaka. Nikaunyamazia. Nilitaka kuona.

Katikati ya njia ya mbao, Bi Kipande akashuka kwenye kamba ya ukingo. Akakaa mbele ya mwenyekiti. Hakumwangalia usoni. Aliangalia mfuko.

Wajumbe wakasimama palepale. Madam Brenda akashika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Kaddu alifumba macho. Mwenyekiti akaingiza mkono mfukoni, nadhani afiche zile karanga vizuri zaidi, na mkono ukaanza kutetemeka. Akautoa, akautazama. Ulikuwa unatetemeka kweli.

"Nnyabo," akasema kwa sauti ndogo sana, "sikukusudia."

Akainua faili akafunika uso. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili. Ya tatu haikuwa na mbao. Akaingia kwenye kinamasi wima, mpaka mapajani, faili bado usoni.

Bi Kipande akamtazama kidogo, kama mama yeyote anavyomtazama mkwe aliyechaguliwa na wengine. Kisha akageuka, akapanda mkuyu, akachuma kuyu, akala.

Mjumbe mmoja akauliza kwa woga, "Mheshimiwa, tuandike wanaomba chakula?"

"Umemwona akiomba?" sauti ikatoka nyuma ya faili. "Andika hawaombi. Andika waachwe. Mimi ndiye nitakwenda nyumbani kumwambia mke wangu kwamba nimemtia mama yake ndani ya waya?"

Kaddu akafumbua macho. Alipiga magoti kwenye mbao, akainama juu ya kinamasi, machozi yanamtiririka. Mwenyekiti akamnyooshea mkono avutwe. Kaddu hakuushika.

"Ssebo," akasema, "kwanza karanga."

Mwenyekiti akazitoa mfukoni, zimelowa, akampa kwa mikono miwili. Kaddu akazipokea kwa niaba ya familia, akashukuru kama inavyotakiwa, akaniletea nizipeleke kibandani. Ndipo tukamvuta.